Kabla Hujahamia Kamalondo

Kavira, binti wa kaka yangu, alinipigia simu siku chache baada ya kumzika Mama Felista, mke wa Baba Ngoy mwenye nyumba wake. Hakusalimu. "Baba mudogo, miye natoka kwa Baba Ngoy. Natafuta chumba ingine. Muzee anasemaka na mufu." Nilimwomba anieleze polepole. Akasema kila mangaribi, mzee akishakaa mbele ya bukari yake, ugali wa kule, anaanza: Felista hivi, Felista vile, Felista unamuona huyu mutoto, na Felista tumemzika sote, Kavira mwenyewe akiwa mstari wa mbele na shada la maua. Mtoto huyu si mwoga. Ametoka Butembo hadi Lubumbashi kwa njia ambazo mimi ningezipita macho yamefumbwa kwa woga. Lakini sauti ya mtu mmoja ikijibizana na kimya ilimshinda. Akamalizia kwa kunitupia lawama: "Na weye njo ulinileta huku. Juu ya nini haukuniambia ya kujua mbele ya kuhamia Kamalondo?"

Nilicheka kidogo, kisha nikaona si jambo la kucheka. Kavira akiondoka, nyumba ile inabaki na mzee mmoja peke yake. Mshonaji aliyekuwa anapanga upande wa barabara alihama, watoto wa mzee wako nje ya nchi, na Baba Ngoy si mtu wa kumwomba mwingine abaki. Tangu nimjue hajawahi kumwomba mtu kitu uso kwa uso. Hilo nalijua kuliko wengi, maana lilinitoa jasho mwaka wangu wa kwanza katika mji huu. Nikamwambia Kavira asitafute gari la mizigo kwanza, nitafika Jumamosi tukae tuongee. Siku zile zote, nikipima maharage dukani, nikiwapokea wateja, akili yangu ilikuwa kwenye lupango lile.

Kusema haki, nilikuwa nimemweleza mengi. Nilimwambia lupango la Kamalondo ni uwanja mmoja na milango mingi, kwa hiyo asifagie taka zake kuelekea mlango wa jirani hata kama upepo unamsaidia. Nilimwambia bomba la uani hukauka mapema, baa za barabarani huimba hata watu wakiwa misani, na baridi ya mwezi wa sita hupita chini ya mlango. Nilimwambia kule hakuna mtu anayepita bila kusalimu, na kwamba mshonaji anayekushonea suruali leo kesho atajua umenenepa kabla hujajua mwenyewe. Yote hayo ni kweli, na yote yangeweza kusemwa na mtu yeyote aliyewahi kupita kule kwa miguu. Neno moja la maana sikulisema. Lilikuwa limeshaniingia mwilini, nikadhani kila binadamu huzaliwa nalo.

Nyumba ya Baba Ngoy ni ya matofali ya zamani, na ilijengwa na watu waliojua kazi, ila ndani yake waliogawa vyumba walikuja baadaye na hawakuwa na haraka ya kumaliza. Hakuna dari. Kuta za ndani zinapanda kupita kichwa cha mtu mrefu, kisha zinakoma, na juu yake bati ni moja kwa wote. Ukikohoa chumba cha mbele, wa nyuma anakuambia pole. Nilipofika nilikuwa kijana, nimeletwa kuwa karani katika duka la jumla la mtu wa kwetu, na bosi huyo alikuwa na sharti moja: karani halali dukani, na karani asiye na makao karibu anarudishwa Butembo. Kwa hiyo chumba kile cha mbele, chenye dirisha la mbao na harufu ya pasi ya makaa iliyotoka kwa mshonaji, kilikuwa ndicho maisha yangu. Kukipoteza ni kurudi nyumbani mikono mitupu, huku kila mtu akiwa ameshaniaga kwa nyimbo.

Mama Felista na Baba Ngoy walikuwa chumba cha kati. Baba alikuwa amefanya kazi ya reli tangu ujana, mwembamba, mkimya, mwenye kofia aliyoivua kanisani tu. Mama alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, lakini si pamoja nami. Kwangu alikuwa "jambo" na "jambo sana" tu. Walikuwa watu wa kaskazini ya Katanga, Wakatoliki wa rozari kila jioni. Mimi nilikuwa Mprotestanti wa milimani, sijui hata samaki wa chumvi anapikwaje. Mgeni ni kuku mweupe, na weupe wangu ulionekana hadi barabarani. Kila mangaribi waliweka sahani zao, nikasikia kijiko kikikwangua sufuria ya bukari, nikanusa sombe yao ya majani ya muhogo, halafu mazungumzo yakaanza. Kweli yalikuwa matamu! Nilikuwa na hamu ya kujua kila kitu: nani aliolewa na nani, padri alikosea wapi, kwa nini bitoyo, samaki hao wa chumvi, ya soko hili inanuka kuliko ya soko lile. Lakini mama yangu alinifunza kwamba kusikiliza ya watu ni sawa na kuingiza mkono katika chungu chao. Basi nikiona maneno yanakuja upande wangu, nilifungua radio. Wakizidisha sauti, nami nazidisha. Nilijiona kijana mwenye adabu kuliko wote Lubumbashi.

Mvua zilipoisha nikasikia lile ambalo radio haikuwahi kulifunika. "Huyu mutoto ya Butembo atatoka lini?" Ilikuwa sauti ya Mama Felista. Baba Ngoy akajibu kwamba mtoto wa dada yake anakuja kutoka Kongolo kusoma, na chumba cha mbele ndicho kitamfaa. Kisha kimya. Kijiko. Kimya tena, kirefu kuliko cha watu wanaotafuna. Moyo wangu ulishuka hadi kwenye kandambili. Nikafungua radio. Kesho yake, neno lilelile, na kimya kilekile baada yake. Kesho kutwa vivyo hivyo. Nilikula maharage yangu bila kuyaonja nikijiuliza ni watu gani hawa, wanaomjadili mpangaji kila siku kwenye chakula kama kiungo, na asubuhi wananiitikia salamu kama hakuna kitu.

Sikuwauliza. Ningeuliza vipi? Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba nasikiliza. Nikaanza kutafuta chumba kwa siri. Nilikwenda Katuba nikitoka kazini, nikaonyeshwa chumba ambacho mlango wake ulikuwa pazia. Nilikwenda hadi njia ya Kipushi, mbali kiasi kwamba bosi angesema hayo si makao, ni safari. Kila niliporudi, Mama Felista alikuwa amekaa kwenye kiti chake kidogo mbele ya mbabula, jiko lake la makaa, akinitazama viatu vyangu vyenye vumbi jekundu. Ila jioni, juu ya ukuta, nikasikia: "Ngoy, ule anatembea sana. Labda alishapata pa kwenda. Hata kuaga hataaga." Na sauti yake, nashangaa kusema, haikuwa ya mtu anayefukuza. Ilikuwa na huzuni. Jambo hilo lilinichanganya kuliko kitisho chenyewe, na ndiyo mara ya kwanza nilipotamani kuielewa nyumba ile badala ya kuiogopa tu.

Aliyenifungua macho ni Kalenga, mshonaji. Sote tulimwita Yaya Kalenga, kwa kuwa alikuwa dada mkubwa wa uwanja mzima, hata kwa waliomzidi umri. Siku hiyo alikuwa ananipima suruali, pini kati ya midomo, na akazitoa moja moja ili anitukane vizuri.

"Kambale, kwenu banafundishaka nini batoto? Bale bazee banakulomba tangu mvua iishe. Banalomba, banalomba. Weye unabafungulia radio!"

"Bananilomba nini, Yaya? Banasema paka bao wawili tu."

"Bao wawili!" Aliketi kwenye mashine yake kwa kucheka. "Bantu ba myaka mingi vile mu ndoa, unazani bangali na kintu ya kuambiana na sauti? Ile sauti njo ya kwako."

Nilisimama na mguu mmoja wa suruali. Nikamwambia basi, nitakwenda sasa hivi nibishe hodi, nimalize. Yaya Kalenga alinishika mkono kama mtu anayemzuia mtoto asiguse pasi. "Hapana! Utabapatisha haya. Muntu akikuuliza ku macho, ukikatala, umemukatala. Lakini akikatala ukuta, shi ni ukuta tu? Kesho munasalimiana. Ujibu vile banasema. Ukae mu chumba yako, useme na kintu yako."

"Kintu gani?"

"Nijue miye? Bengine bako na bibi. Weye hauna bibi, usemeshe sufuria."

Mangaribi ilipofika nilikaa karibu na ukuta, maharage yakiwa juu ya mbabula mlangoni, na nikangoja kama mwanafunzi anayengoja kuitwa ubaoni. Rozari iliisha. Sahani zikawekwa. Mama Felista akasema lile lile, sasa kwa uchovu: "Huyu wa Butembo atatoka lini?" Kikaja kimya. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye radio, nikaurudisha. Nikaitazama sufuria.

"Ee sufuria yangu," nikasema, na sauti ikatoka kama ya msomaji wa Injili. Upande wa pili hata kutafuna kulikoma. "Sufuria, miye sipendi kutoka mu hii lupango. Natafuta chumba ku Katuba juu bananifukuza."

Maharage yalitokota. Kisha Mama Felista, polepole: "Ngoy, umesikia kintu?"

"Nasikia sufuria ya muntu inatokota."

"Inasema nini?"

"Inasema eti tunafukuza muntu."

"Nani alisema kufukuza? Miye nauliza atatoka lini mu ile ya mbele, aingie mu ile ya nyuma. Iko wazi. Lakini ni kidogo, na moshi ya jikoni inaingia. Nitamuonyesha vipi mutoto ya bantu chumba kama ile? Haya yangu."

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Wiki ngapi nimevaa viatu kwenda Katuba! "Sufuria," nikasema, "weye unanijua. Bintu yangu ni weye na kitanda. Ile ya nyuma inatosha. Na moshi, kwetu ku milima tunazaliwa nayo."

"Felista," akasema Baba Ngoy, kwa heshima kubwa, "sufuria inasema inakubali."

Hapo mama alicheka. Alicheka hadi akapaliwa, nikasikia kikombe kikigongana na meno yake, na yeye akimwambia mumewe apige mgongo, apige kwa nguvu, bukari imekataa njia. Mimi upande wangu nilikuwa nimefunika mdomo kwa shuka. Asubuhi tulikutana bombani. Nilitegemea tabasamu, konyezo, chochote. Baba Ngoy alivuta kofia yake, akaniitikia salamu, akasema tu kwamba mlango wa nyuma unafunguka ukiusukuma kwa bega. Siku ile ile tukahamisha kitanda.

Mwaka uliobaki nilikaa katika chumba kile kidogo, na sijui kama niliwahi kufurahi hivyo tena katika nyumba yoyote, hata hii niliyonayo sasa yenye dari na kuta zinazofika juu. Nilipopata homa ya baridi nikasikia, "Ngoy, muntu wa homa anaweza kukula lengalenga?" nikaiambia sufuria kwamba anaweza, na bakuli la mboga hiyo likawa mlangoni kabla sijavuta shuka. Nilipokuwa na hamu ya kujua, na hamu yangu haikuwa na kikomo, niliiuliza sufuria kwa nini treni za zamani zilisimama mahali pasipo na kituo, na Baba Ngoy, mkimya yule, akamsimulia mkewe safari nzima, kilima kwa kilima, mke aliyekwisha kuisikia tangu uchumba. Naye mama alikuwa akiuliza maswali kwa ajili yangu, yale aliyodhani kijana angetaka kuuliza. Mara nyingi alipatia.

Nimejiuliza sana desturi hii ilitoka wapi. Nimewauliza wazee wengine wa Kamalondo, na kila mmoja ananiambia ni ya nyumba fulani, siyo yao, halafu wakimaliza wananiuliza nimeisikia kwa nani. Labda ni ya watu waliolazimika kuishi bega kwa bega na wageni wa kila lugha, wakatafuta njia ya kuomba bila kumbana mtu. Neno linapita juu ya ukuta, linadondoka chini, na anayetaka analiokota. Asiyetaka analiacha hapo na hakuna aliyeumbuka. Huko kwetu tunaomba kwa mdomo na tunakataliwa kwa mdomo, na kuna watu wa ukoo mmoja hawajasalimiana tangu nikiwa mtoto. Sisemi nani ana akili zaidi. Nasema tu kwamba nilipata kazi ya kudumu, nikaoa, nikahama, na hakuna mwenye nyumba mwingine aliyewahi kuniuliza kitu ambacho ningependa kumjibu.

Jumamosi nilifika Kamalondo na kilo chache za maharage. Nilimsalimu Baba Ngoy uani. Alikuwa ametandika mkeka wa kukaushia unga, akavuta kofia, akasema mama angefurahi, basi. Kisha nikaingia chumba cha nyuma, kilekile. Mizigo ya Kavira ilikuwa imefungwa kamba. Nilimsimulia haya yote kama nilivyoyaandika hapa, na alicheka mahali pa sufuria, lakini alipomaliza kucheka akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Sawa, baba mudogo. Lakini Mama Felista alishakufa. Sasa muzee anasema na nani? Na miye, ao na yeye?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa natamani kujua kuliko yeye.

Mangaribi ikafika. Tulisikia kijiko kikikwangua, kisha kiti.

"Felista," akasema Baba Ngoy. Sauti yake ilikuwa imezeeka, lakini ilipanda na kupita ukuta bila shida. "Ule mutoto muke wa nyuma amefunga bintu. Ni vile. Bantu banaendaka. Kalenga alienda. Kambale alienda. Weye mwenyewe ulienda." Niliinamisha kichwa. Ilinichoma, na nadhani ilikusudiwa kunichoma kidogo. "Miye sikatale muntu kwenda. Paka kintu moja tu. Bukari ya muntu moja sijue kuipima. Nilizoea ya wawili. Kila siku inabakia, kila siku natupa, na kutupa bukari ni zambi. Bamama ba kanisa balileta na sombe. Ukiwa na njia, Felista, uniulizie kama ule mutoto anakulaka sombe."

Kikaja kile kimya. Nilikijua. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, nimelitayarisha lote, lakini chumba hakikuwa changu tena. Kavira aliangalia mizigo yake, akaangalia ukuta, akatafuta kwa macho kitu cha kuongea nacho. Sufuria ilikuwa imefungiwa ndani ya gunia. Basi akachukua simu yake iliyozimika, akaiweka sikioni.

"Alo? Mama? Ndiyo, miye Kavira." Alisogea karibu na ukuta. "Ndiyo, mama. Sombe nakulaka. Kwetu tunakulaka sana. Lakini chumvi isizidi."

Nikadhani mzee hakusikia. Kavira alibaki na simu sikioni, hathubutu kuishusha.

"Felista," Baba Ngoy akasema mwishoni, "anasema chumvi kidogo."

Tukasikia kabati likifunguliwa, na sahani ya pili ikiwekwa mezani. Halafu ya tatu.